Kabla ya Kupanda Mizani

Mwezi uliopita walinikatia keki. Nimefanya kazi miaka kumi na minane katika kliniki ya kupunguza uzito, na siku ya kuniaga wakaleta keki ya ngazi tatu yenye krimu. Nilikula kipande changu, nikashukuru. Msichana mmoja mgeni kazini akaniomba niwaandikie kitu kifupi cha kuwatia moyo wanaoanza. Cha kutia moyo sina. Nina cha kuwazuia msifanye nilichofanya mimi, na si kifupi sana.

Mimi ni nesi, mtu wa Kisii. Hapa Birmingham nilianzia wadi za upasuaji, nikakaa huko mpaka mgongo ukakataa kuinua watu. Ndipo nikahamishiwa kliniki ya uzito, Erdington, orofa ya juu ya kituo cha afya. Ndiyo, orofa ya juu. Lifti ilikuwa inaharibika kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo mgonjwa aliyefika mlangoni alikuwa ameshamaliza mazoezi ya siku.

Nilidhani kazi itakuwa kugawa vijikaratasi na kuwaambia watu wapunguze chipsi. Siku ya kwanza nilipokewa na Maureen, mkuu wa manesi, mzaliwa wa Birmingham hii hii, wazazi wake walitoka Jamaika. Mwanamke mfupi, sauti ya mwalimu mkuu. Hakunionyesha kijikaratasi hata kimoja. Alinionyesha kiti.

"Kiti hiki kina nini?"

"Hakina mikono," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikakizunguka, nikakitazama upya.

"Mtu akikwama kwenye kiti siku ya kwanza, hutamwona siku ya pili."

Baadaye akanionyesha mkanda wa presha, ule mpana. Mkanda mwembamba ukiufunga kwenye mkono mnene unakudanganya, presha inatoka kubwa kuliko ilivyo, na mtu anaanzishiwa dawa asiyoihitaji. Mizani ilikuwa nyuma ya pazia, pembeni kabisa. Kwa Maureen mgonjwa alipimwa mwisho, watu wakishazungumza. Na kabla ya mizani alikuwa na maswali yake. Chakula hakikuwemo. Alisema kila mtu ameshamwuliza mgonjwa anakula nini, hata dereva wa teksi. Yeye aliuliza: Unalalaje? Unaumwa wapi? Unameza nini, cha daktari, cha dukani, cha rafiki? Nani amekufa karibuni? Nikajisemea, huyu mama amechoka na kazi, sasa anapiga soga tu.

Basi akaja dereva mmoja wa basi anayekaa Kings Heath. Alikuwa amejaribu supu ya kabichi, amejaribu kufunga, amejaribu kila kitu, na amebeba daftari la kuthibitisha. Maureen hakulifungua. Akamwuliza analalaje. "Vizuri sana," akasema. Mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yake, akacheka mpaka akatoa leso. Kumbe mama huyo alikuwa ameshahamia chumba cha watoto miaka minne iliyopita kwa sababu mumewe anakoroma. Dereva akapelekwa kupimwa usingizi, ikaonekana pumzi inakatika usiku kucha, akapewa mashine ya kuvaa puani. Baada ya miezi kadhaa alianza kuteremka vituo viwili kabla ya kazini na kumalizia kwa miguu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa na nguvu za kuteremka. Kilo zikaanza kwenda zenyewe. Sahani yake hakuna aliyeigusa.

Wako wengine wengi. Dada aliyenenepa kwa sababu ya dawa ya akili, na simu moja kwa daktari wake ikatosha kuibadilisha. Bwana aliyekatwa tumbo, akarudi kwetu baada ya mwaka akasema, "Tumbo wamelipunguza, kichwa wameniachia kile kile," tukampeleka kwa mshauri, na hapo ndipo matibabu yake yalipoanza hasa. Halafu zikaja sindano za kupunguza uzito. Wacha tu. Watu wa kanisani kwetu ambao hawakuwahi kunisalimia walianza kunivuta pembeni baada ya ibada: "Sista, ile sindano, huwezi kunipatia moja tu?" Sindano ni dawa nzuri kwa anayeifaa. Lakini haiponyi goti, wala haimrudishi marehemu, na ukiiacha bila mpango uzito unajua njia ya kurudi nyumbani.

Haya yote niliyajua vizuri wakati Bi Rukia alipokuja. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Bi Rukia alikuwa na miaka sitini na saba. Mzaliwa wa Unguja, mjane, anakaa Stechford na binti yake Salma. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Daktari wa upasuaji alimwambia hatamgusa mpaka apungue, kwa sababu nusukaputi ni hatari kwa uzito ule na presha ile. Alikuwa akilala kwenye sofa ya sebuleni, maana ngazi zilikuwa zimemshinda. Bafu liko juu. Kila asubuhi, kabla ya Salma kwenda kazini, Bi Rukia alikaa kwenye ngazi ya chini akapandishwa kwa makalio, ngazi moja moja, binti anasukuma kwa chini. Alikuwa anataka goti, basi. Umbo hakuwa na shida nalo.

Alipoingia nilimwambia shikamoo. Sisi Kisii hatuna shikamoo. Hiyo nilijifunzia hapa hapa, kwa Watanzania. Akafurahi mno.

"Marahaba mwanangu! Kumbe humu mna mtu!"

Tangu siku hiyo nikawa wake, kila Alhamisi. Maswali yote ya Maureen nilimwuliza, isipokuwa lile la dawa niliuliza nusu. Alinipa karatasi ya daktari wake, ya presha na ya maumivu, nikaandika. Nilitakiwa kuendelea, za dukani je, za rafiki je, na kurudia swali hilo kila akija. Niliona haya. Mama mtu mzima ananiita mwanangu, nami nimhoji kama namshuku? Nikapiga mstari, nikaandika "hakuna nyingine".

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda. Tulimpeleka kwenye mazoezi ya ndani ya bwawa, ambako maji yanambeba na goti halilalamiki. Tulipanga dawa za maumivu ili alale. Alipungua kilo nne. Salma alikuwa akija naye. Msichana wa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na mama yake naye humjibu kwa Kiswahili, na wanagombana hivyo vizuri tu.

Kisha nikaenda likizo Kenya, na kwa wiki moja nikawa Mombasa kwa mdogo wangu. Mnajua kwetu kulivyo. Ukisema unasafiri, umeshabeba. Bi Rukia ana mdogo wake Mombasa, na kabla sijaondoka aliniambia, "Mwanangu, kuna kamzigo kadogo tu, atakuletea mtoto wa ndugu yangu." Maureen alikuwa na sheria: mgonjwa hakubebei kitu, nawe humbebei kitu. Niliiona ni sheria ya Wazungu, ingawa Maureen si Mzungu. Kijana akaleta bahasha nene ya khaki, imefungwa kwa selotepu kila upande. Mzigo wa mtu haufunguliwi. Mtu aliyelelewa vizuri hata hautikisi. Uwanja wa ndege waliniuliza kama nimefunga sanduku mwenyewe, nikasema ndiyo. Alhamisi ya kwanza niliporudi kazini nikamkabidhi Bi Rukia bahasha yake, kwenye meza yangu ya kliniki, kiti kile kisicho na mikono kikiwa katikati yetu. Akaniombea dua ndefu.

Wiki tatu baadaye alipanda ngazi za kwao kwa miguu yake.

Salma alinipigia simu kazini analia kwa furaha. Bi Rukia alikuwa amelala kitandani kwake kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Mimi nikasema ni bwawa. Maureen akanipongeza, na nikapokea hizo pongezi, zote.

Lakini uzito ukaanza kupanda. Kilo mbili, kisha tano. Kufika mwezi wa nane tangu nirudi zilikuwa tisa, juu ya zile nne zilizorudi. Uso wake ulijaa, mashavu yakang'aa. Kwetu mtu akijaa uso huambiwa amenawiri, na haki, nilimwambia kwa mdomo wangu huu, "Bi Rukia, umenawiri!" Akacheka, akajitazama kwenye kioo cha ukutani. Presha ilipanda pia. Ikaja barua kutoka kwa daktari wa upasuaji: asipopungua kufikia miadi inayofuata, jina lake litaondolewa kwenye orodha. Salma aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaifungua akaisoma tena.

Nami, mwanafunzi wa Maureen, nikamwuliza mama yule kama anakula kisirisiri.

"Mwanangu," akasema, "n'na njaa mchana kutwa, sijui inatoka wapi. Lakini miye sijakudanganya." Siku hiyo hakuniombea dua.

Alhamisi iliyofuata Maureen alikuwa na mkutano mjini, niko peke yangu. Nilimfunga mkanda wa presha, na ulipolegea nikaona alama nyeusi pale ulipobana, kama mtu aliyepigwa. Nikapandisha mkono wa gauni. Alama zingine, za zamani, za njano.

"Umejigonga wapi?"

"Sijajigonga. Nikiguswa tu natoka hivyo. Ngozi imekuwa kama karatasi."

Uso wa mviringo. Njaa ya mchana kutwa. Presha. Ngozi ya karatasi. Mimi nimesoma uuguzi; haya yamo kwenye kitabu, ukurasa mmoja, yote pamoja.

"Bi Rukia, kuna dawa nyingine unazotumia?"

"Si zile zako!" akasema. "Zile ulizoniletea. Zinakaribia kwisha, nilikuwa nataka nikuulize, lini unakwenda tena?"

Akafungua mkoba, akatoa kifuko cha nailoni. Ndani tembe ndogo za kijani, hazina jina, hazina tarehe, hazina chochote. Za mitishamba, akaniambia, za mzee mmoja maarufu huko Mombasa. Mdogo wake anazimeza na anacheza taarabu. Mbili asubuhi, mbili jioni. Mitishamba ya namna hiyo nilishaisikia: wauzaji wengine wanachanganya humo steroidi za hospitali, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, maumivu yanakimbia siku ya pili, na mteja anasifu majani. Mwili wa anayemeza unavimba, na yeye anajilaumu kwa kula.

Nilikasirika. Nilimkasirikia muuzaji, nikamkasirikia yule mdogo mtu, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa Bi Rukia.

"Tupa!" nikamwambia. "Tupa zote leo, hata moja usibakishe!"

"Kama ndivyo, nitatupa," akasema. Aliniamini moja kwa moja, hakuuliza hata kwa nini. Kifuko kile nikakibakisha kwenye droo yangu; nyingine zilikuwa nyumbani kwake.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaoanza. Anayemeza steroidi miezi minane hazitupi. Anazipunguza kidogo kidogo, kwa mkono wa daktari, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza za kwake, na ukimkatia ghafla anaweza kufa. Hili hata nesi wa mwaka wa pili analijua. Nami nilijua. Nilijua kabla hajafika kwenye lifti. Lakini nikajiambia huenda ni majani tu kweli, kwa nini niwatie watu hofu. Ukweli ni kwamba ningemwambia daktari, swali lake la kwanza lingekuwa: zimetoka wapi?

Ijumaa sikusema. Jumamosi nilifua nguo. Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba, wala sikumbuki tuliimba nini.

Jumatatu saa tatu asubuhi nikaingia ofisini kwa Maureen, nikaweka kifuko mezani, nikasema yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulimwambia aache lini?"

"Alhamisi."

Akasukuma simu upande wangu. Iliita muda mrefu.

"Nani?" Sauti ilikuwa mbali.

"Bi Rukia, ni mimi. Unaendeleaje?"

"Natapika, mwanangu. Tangu jana natapika. Nikisimama nyumba inazunguka. Nimetupa zote kama ulivyonambia."

Maureen alikuwa ameshashika simu ya pili anaita ambulensi, mkono mmoja umeziba sikio. Nikamwuliza Bi Rukia yuko wapi. Chini, kwenye ujia, karibu na mlango. Salma yuko kazini. Nikamwambia anyooshe mkono afungue kitasa, asisimame, kisha alale ainue miguu kwenye ngazi. Nilimsikia anatambaa. Nilisikia kitasa. Halafu sikusikia kitu, nikawa naita jina lake kwa sauti mpaka wagonjwa waliokuwa wakingoja nje wakanyamaza.

"Usinipigie makelele," akasema mwishowe, polepole. "Nipo."

Niliendelea kumwongelesha mpaka nikasikia viatu vya watu na sauti ya mwanamume ikisema habari za asubuhi kwa Kiingereza. Nikakata simu. Maureen akanipa koti langu.

Hospitalini walikuwa wameshampa sindano ya mshipani na maji. Nilimkuta amelala ana rangi ya majivu, macho yamefunguka. Salma alikuwa bado njiani. Daktari kijana alikuwa amesubiri mkalimani wa simu, hajapatikana, na aliponiona na beji yangu akashusha pumzi. "Unaongea lugha yake? Vizuri. Mwulize dawa zilitoka wapi. Ni nani aliyempa?"

Nikamgeukia Bi Rukia. Nikauliza, kwa Kiswahili, kama nilivyoambiwa.

Akanitazama. Midomo ilikuwa imekauka. "Mwambie nilikuja nazo mwenyewe," akasema. "Mwambie nilipokwenda kwetu nikazinunua sokoni."

"Bi Rukia."

"Mwambie hivyo hivyo. Watakufukuza weye. Miye watanifukuza wapi?"

Daktari kalamu iko hewani, ananitazama mimi, anamtazama yeye. Angeamini lolote nitakalosema. Hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyejua kilichosemwa. Nilikuwa na miaka hamsini na nane, nina mkopo wa nyumba, nina watoto wawili chuoni. Yote hayo niliyafikiria, msije mkadhani sikuyafikiria.

"Mgonjwa anasema alizinunua mwenyewe," nikamwambia kwa Kiingereza. "Si kweli. Nilizileta mimi, kwenye sanduku langu, bila kujua ni nini. Na mimi ndiye niliyemwambia azitupe."

Akaacha kuandika. Kisha akaandika sana.

Bi Rukia Kiingereza chake ni cha dukani, lakini hicho kilimtosha. Akafumba macho. "Mpumbavu," akasema. "Nshakupa mlango, weye unatoka dirishani." Akageukia ukutani, na hakuniangalia tena mpaka Salma alipoingia, akaelezwa yaliyotokea, na akaniomba kwa adabu sana, kwa Kiingereza, niondoke.

Zile tembe zilipimwa, zilikuwa steroidi kama nilivyodhani. Bi Rukia aliwekwa kwenye dozi ya hospitali, wakaipunguza kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka. Maumivu ya goti yalirudi, akarudi kwenye sofa, akasukumwa tena ngazi kwa ngazi. Lakini uso ulisinyaa, njaa ikatulia, kilo zikashuka. Wanawake wenzake Stechford wakaanza kunong'ona kwamba amekonda, lazima ana maradhi. Daktari wa upasuaji alimrudisha kwenye orodha, na goti likafanywa. Hayo nayajua kwa sababu niliyaona, na niliyaona kwa sababu ya jambo moja.

Mimi niliondolewa kwa wagonjwa siku ile ile. Kukawa na uchunguzi: miezi minne ya kupanga mafaili kwenye chumba kisicho na dirisha, nikisubiri waamue kama mimi bado ni nesi. Maureen alitoa ushahidi, na aliusema wote, ya kunifaa na ya kunidhuru. Sikumlaumu. Siku ya kikao mwenyekiti alisema familia ya mgonjwa imealikwa kutoa maelezo kwa maandishi, na maelezo yamefika. Salma ndiye aliyeandika. Nilijiandaa kwa kurasa nyingi, kwa sababu ningekuwa mimi ndiye binti, ningeandika kurasa nyingi.

Ilikuwa karatasi moja. Mwenyekiti akavaa miwani akaisoma kwa sauti:

"Mimi binafsi nisingemrudisha. Lakini mgonjwa si mimi, ni mama yangu, na ameniambia niandike maneno yake yalivyo. Anasema yule nesi ni mpumbavu, na anamtaka Alhamisi."